Nani Hulipia Siri: John le Carré kutoka Berlin hadi Bukavu

Katika riwaya ya The Spy Who Came in from the Cold, iliyotoka Septemba 1963, kuna habari ndogo ya pango ambayo wasomaji wengi huipita mbio. Liz Gold, msichana anayefanya kazi katika maktaba moja ndogo ya London, mwanachama wa kawaida kabisa wa Chama cha Kikomunisti, ameachwa na mpenzi wake Alec Leamas, jasusi wa Uingereza, bila maelezo ya kueleweka. Siku si nyingi anakuta pango la nyumba yake limelipwa lote. Anatembelewa pia na bwana mmoja mpole, mfupi mnene, mwenye miwani, aliyekuja kumjulia hali. Liz anayachukua haya kuwa ni wema wa watu. Baadaye anajikuta amesimamishwa mbele ya mahakama ya siri huko Ujerumani Mashariki, anaulizwa swali baada ya swali, na kwa kuwa hana cha kuficha anaeleza yote: pango lililolipwa, bwana mwenye miwani, na jinsi alivyojitambulisha. Maelezo hayo ndiyo yanayoibomoa hadithi ambayo Leamas alitumwa kuisimulia. Yanamwangamiza Fiedler, afisa mwadilifu wa ujasusi wa Ujerumani Mashariki aliyekuwa ameanza kuukaribia ukweli, na yanamwokoa Mundt, mkubwa wake, muuaji ambaye kumbe siku zote alikuwa mtu wa Waingereza. Bwana mwenye miwani ni George Smiley, afisa wa ujasusi wa Uingereza, na wema wake ulikuwa sehemu ya mtego. Idara yake ilikuwa imeuhesabu hata unyoofu wa Liz, ikautumia kama risasi.

Nadai kwamba habari hiyo ya pango ndiyo mlango wa kuingilia katika kazi yote ya John le Carré, miaka karibu sitini ya uandishi na riwaya ishirini na ushei. Watu wengi humweka katika rafu ya Vita Baridi, kana kwamba aliwahusu Warusi na Waingereza peke yao, na kwamba ukuta ulipobomolewa mwaka 1989 naye alibaki bila kazi. Hapo ndipo wanapomkosea. Swali lake lilikuwa moja tangu mwanzo: siri ya dola inapotunzwa, gharama yake analipa nani? Jibu lake nalo halikubadilika. Analipa mtu ambaye hakuwamo chumbani siri ilipopangwa. Methali yetu ya tembo na nyasi haitoshi kulieleza jambo hili, maana tembo wanaopigana hawazikusudii nyasi. Liz alikusudiwa. Na kama hoja hii ni ya kweli, basi vitabu vyake viwili vinavyotuhusu sisi kwa karibu, kile cha Nairobi na kile cha Kivu, si vitabu vya uzeeni alivyoandika kwa kukosa vita vya kuandikia. Vimo katikati ya kazi yake.

Jina lake halisi lilikuwa David Cornwell. Alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1931 huko Poole, kusini mwa Uingereza. Mama yake, Olive, aliondoka nyumbani usiku mmoja David akiwa na miaka mitano, na hakumwona tena hadi alipokuwa kijana wa miaka ishirini na moja. Alilelewa na baba, Ronnie, na Ronnie alikuwa tapeli. Simwiti hivyo kwa kumtukana, ndiyo kazi aliyoishi nayo, na alifungwa jela kwa ajili yake katika zaidi ya nchi moja. Leo gari la kifahari na farasi wa mashindano, kesho wadai wamejaa mlangoni na watoto wanafundishwa kusema baba hayupo. Mwaka 1950 Ronnie alithubutu hata kugombea ubunge kule Yarmouth kwa tiketi ya chama cha Liberal. Alipofilisika mwaka 1954, mwanawe alilazimika kuiacha Oxford kwa muda akafundishe shule ndogo, ndipo akarudi kumaliza shahada yake ya lugha mwaka 1956.

Wachambuzi wamezoea kusema kwamba baba alimfundisha mwana udanganyifu, na udanganyifu ukamfaa katika ujasusi. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Ukisoma A Perfect Spy, riwaya ya mwaka 1986 ambayo ndani yake Ronnie anaitwa Rick Pym, utaona kwamba anayeganda akilini ni Peggy Wentworth, mjane ambaye familia yake iliporwa na Rick, na ambaye anamwandama Rick hadi kwenye kampeni zake za uchaguzi. Mtoto wa tapeli huyajua mambo mawili kwa pamoja. Anajua jinsi uongo unavyotungwa, kwa sababu anakaa jikoni unakopikwa, na anajua sura ya mtu aliyeliwa pesa zake, kwa sababu ndiye anayemfungulia mlango akija kudai. Majasusi wengi huishia kwenye ujuzi wa kwanza. Le Carré alikuwa na ule wa pili kabla hajajua neno ujasusi.

Alianza kuitumikia idara mapema. Akiwa mwanafunzi Bern, Uswisi, mwishoni mwa miaka ya 1940 alifanyia Waingereza vijikazi vidogo vidogo. Alitumikia jeshi Austria katika kikosi cha upelelezi, na alipokuwa Oxford aliwachongea wanafunzi wenzake wa mrengo wa kushoto kwa idara ya usalama wa ndani, MI5. Akafundisha Kifaransa na Kijerumani shule ya Eton, akaingia MI5 rasmi mwaka 1958, akahamia idara ya ujasusi wa nje, MI6, mwaka 1960, na muda mfupi baadaye akapelekwa Bonn kwa kivuli cha afisa wa ubalozi, kisha Hamburg. Kwa kuwa maofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje hawakuruhusiwa kuchapisha vitabu kwa majina yao, alijichagulia jina la kalamu.

Inafaa kukumbuka kwamba vitabu vyake viwili vya mwanzo ni vya upelelezi wa mauaji, si vya ujasusi mtupu. Katika Call for the Dead, cha mwaka 1961, afisa wa serikali anakutwa amekufa na inasemekana amejiua, lakini jana yake usiku aliomba kituo cha simu kimwamshe asubuhi. Aliyeamua kufa hahitaji kuamshwa, na kwa uzi huo mwembamba Smiley anaifumua njama nzima. A Murder of Quality, cha 1962, ni mauaji ndani ya shule ya mabwanyenye, basi. Hadithi ya upelelezi ina sheria moja ambayo msomaji wa Muhammed Said Abdulla anaijua vizuri kutoka kwa Bwana Msa: mtu mmoja akifa, kitabu kizima kitamtafutia haki yake, kila kauli itapimwa, na hatuondoki mpaka tujue aliuawa na nani na kwa nini. Riwaya ya ujasusi ya kawaida haina sheria hiyo. James Bond wa Ian Fleming, aliyeanza kusomwa mwaka 1953, huacha maiti nyuma yake na hakuna anayeuliza walikuwa watoto wa nani. Le Carré alichukua sheria ya maiti mmoja akaipeleka kwenye ulimwengu wa maiti wasiohesabiwa. Hapo ndipo ubingwa wake ulipo kwa maoni yangu, kuliko katika istilahi zake za kijasusi ambazo watu huzisifu sana.

Agosti 1961, Ukuta wa Berlin ulipokuwa ukijengwa, alikwenda kuuona kwa macho yake. Kitabu kilichotokana na hasira aliyoipata pale, The Spy Who Came in from the Cold, alikiandika kwa wiki tano hivi, idara ikakisoma, ikakiruhusu kama hadithi ya kubuni. Mwishoni Liz anapigwa risasi akiupanda ukuta, na Leamas, ambaye angeweza kurukia upande wa salama, anashuka tena chini alikolala yeye na kuuawa papo hapo. Kitabu kiliuzwa dunia nzima, na mwaka 1964 mwandishi akaacha kazi ya serikali. Mwaka uliotangulia, Januari, Kim Philby, afisa mkubwa wa MI6 aliyewatumikia Warusi kwa siri miaka mingi, alikuwa ametoroka Beirut kwenda Moscow, na kisa hicho ndicho mbegu ya Tinker Tailor Soldier Spy, riwaya ya mwaka 1974.

Mwaka huohuo wa 1974 mwandishi wa Tanzania Elvis Musiba alimtoa jasusi Willy Gamba katika Kufa na Kupona, na kuviweka vitabu hivi viwili pamoja kunasaidia kuona. Gamba anaitumikia dola changa, iliyozungukwa na maadui wa kweli, katika Dar es Salaam, mji ambamo Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi tarehe 3 Februari 1969. Musiba hakuwa na sababu ya kumfanya jasusi wake aionee shaka kazi yake. Adui alikuwa mlangoni. Le Carré aliandika kutoka ndani ya dola kongwe iliyopoteza himaya, isiyojua tena inalinda nini, na iliyobaki na ustadi wa kulinda. Katika Tinker Tailor Smiley anampata msaliti aliyejificha ndani ya idara, lakini kumpata hakumrudishii mtu yeyote uhai wake. Miaka mitano baadaye, katika Smiley's People, anamshinda hata Karla, mkuu wa majasusi wa Kirusi, na silaha anayoitumia inachoma: Karla ana binti mgonjwa wa akili aliyefichwa katika zahanati huko Uswisi, na Smiley anamtumia binti huyo kumlazimisha baba avuke daraja la Berlin. Tunashangilia ushindi kisha tunakumbuka umepatikana kwa njia gani. Ni ile hesabu ya pango tena, safari hii mikononi mwa mtu mwema.

Ushahidi mwingine nitaupitia kwa kifupi. The Little Drummer Girl, ya 1983, inamtumia mwigizaji wa kike, Charlie, kama chambo katika vita vya Waisraeli na Wapalestina, na anaachwa amevunjika. Kisha ikaja The Russia House mwaka 1989, na humo jambo jipya linatokea: Barley Blair, mchapishaji mlevi, anazitoa siri za serikali yake kwa Warusi ili kumwokoa mwanamke mmoja, Katya, na familia yake. Kwa mara ya kwanza mtu anaigeuza hesabu. Badala ya kumtoa mtu ili kulinda siri, anaitoa siri ili kumlinda mtu, na mwandishi yuko upande wake waziwazi. Kitabu hicho kilitoka miezi michache kabla ya Ukuta kubomolewa. Hakungoja Vita Baridi viishe ndipo atafute pa kwenda. Mlango alikwisha kuufungua.

Mwaka 2001 ulikuwa wa Kenya. The Constant Gardener inaanza na habari ya kifo cha Tessa Quayle karibu na Ziwa Turkana, na mumewe, Justin, afisa wa ubalozi wa Uingereza Nairobi mwenye mapenzi na bustani kuliko siasa, anaanza kuifuata njia aliyopita mkewe. Tessa alikuwa amegundua kwamba dawa mpya ya kifua kikuu, iitwayo Dypraxa katika hadithi, inajaribiwa kwa maskini wa Kenya huku madhara yake yakifichwa, na kwamba maofisa wa ubalozi wamepewa taarifa wakazikalia. Lakini kifo kinachokibeba kitabu si cha Tessa. Ni cha Wanza, mwanamke kijana aliyelazwa katika wodi moja na Tessa, ambaye Tessa, aliyefiwa na mtoto wake mwenyewe, anamnyonyeshea mtoto wake mchanga kwa sababu mama hana nguvu tena. Kando ya kitanda mdogo wa Wanza, Kioko, ameketi sakafuni akimfukuzia nzi. Watu wenye makoti meupe wanakuja, wanamtazama, wanaondoka. Hakuna anayemweleza Kioko kitu. Tessa anatazama yote kutoka kitanda cha jirani, na kuuawa kwake kunatokana na kukataa kusahau alichokiona pale. Haki anayotafutiwa Wanza ni ileile anayotafutiwa mtu aliyeomba kuamshwa asubuhi mwaka 1961.

Hapa wapinzani wana hoja tatu, na zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Ya kwanza ni kwamba le Carré amegeuka mhubiri. Zamani, wanasema, ilikuwa vigumu kujua nani mwema na nani mbaya. Sasa makampuni ni mashetani na wanaharakati ni malaika, na kilele chake ni makala ya Januari 2003 aliyoiandika katika gazeti la The Times akidai kwamba Marekani imepatwa na wazimu wa kutaka vita ya Iraq. Nakubali kwamba kurasa kadhaa za Absolute Friends, ya mwaka 2003, zinasomeka kama hotuba, na hotuba hiyo inaiumiza riwaya. Lakini utata wa Vita Baridi ulitokana na hali yenyewe: pande mbili zilizotumia mbinu zilezile. Wodini Nairobi hakuna pande mbili za namna hiyo. Kuna mwenye dawa na kuna anayepewa bila kuambiwa. Kudai mwandishi autie ukungu mahali ambapo mambo yako wazi ni kudai uongo. Na utata haukupotea, ulihamia kwa maofisa. Sandy Woodrow, anayepokea maandishi ya Tessa na kuyapeleka London yakazikwe, si shetani hata kidogo. Ni mtumishi wa kawaida mwenye familia, anayempenda Tessa kwa siri, anayejua kabisa anachokifanya, na bado anakifanya.

Ya pili ni kwamba anatia chumvi. Hapa rekodi inajibu. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer iliifanyia majaribio dawa yake ya Trovan kwa kuwahusisha watoto 200. Kumi na mmoja walikufa. Kampuni ilikana kwamba dawa ndiyo iliyowaua, ikasema homa yenyewe ndiyo iliyowamaliza, lakini mwaka 2009 ilifikia makubaliano na jimbo la Kano ya dola milioni 75. Gazeti la Washington Post lilifichua habari hizo Desemba 2000, riwaya ikiwa karibu kuingia madukani. Mwandishi hakuwa ameinakili Kano. Alikuwa ametazama jinsi siri, faida na umaskini vinavyokutana, akaona kitakachotokea.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na siwezi kuiondoa yote. Wanza anakufa bila kusema mambo mengi. Kioko ananyamaza. Anayetembea dunia nzima kutafuta ukweli, Elba, Ujerumani, Kanada, hadi Sudan na kurudi Turkana, ni Mwingereza mwenye pasipoti na pesa. Daktari Arnold Bluhm, mzaliwa wa Kongo aliyekuwa mshirika wa Tessa, anatajwa sana lakini tunamsikia kidogo, na kwa sehemu kubwa ya kitabu dunia inamdhania muuaji. Filamu ya Fernando Meirelles ya mwaka 2005, iliyopigwa Kibera na Loiyangalani, ilimpatia Rachel Weisz tuzo ya Oscar. Wanza wa filamu ile ni uso tu kitandani. Mtu anaweza kujibu kwamba ukimya wa Wanza ndio mashtaka yenyewe, kwamba anayelipia siri kwa kawaida ndiye asiyeulizwa. Jibu hilo lina kweli ndani yake. Hata hivyo Liz Gold, aliyelipa vilevile, alipewa sauti, chumba, mashaka na mapenzi. Msomaji wa Nairobi ana haki ya kuuliza kwa nini Wanza hakupewa.

Naamini mwandishi mwenyewe aliliona pengo hilo, kwa sababu kitabu alichokitoa mwaka 2006 kinalishambulia moja kwa moja. Msimulizi wa The Mission Song ni Bruno Salvador, aitwaye Salvo, mtoto wa padri wa Ki-Ireland na mama Mkongo, aliyelelewa na wamisionari mashariki mwa Kongo na sasa ni mkalimani London. Kiswahili, Kinyarwanda, Kishi, Kibembe, Lingala, zote amezibeba. Idara ya ujasusi inamwajiri, inampeleka kwenye kisiwa kisichotajwa jina kaskazini, na kumweka chini ya ardhi na vipokea sauti masikioni. Juu yake wafadhili wasiojulikana wanapatana na viongozi watatu wa makundi ya Kivu: Haj, tajiri kijana wa Bukavu, Dieudonné wa Banyamulenge, na Franco wa Mai Mai. Mpango ni kuiteka Bukavu kabla ya uchaguzi, kumsimika mzee anayeitwa Mwangaza, na kugawana madini. Mikutano rasmi inafanyika kwa Kifaransa na lugha nyingine, na Salvo anaruhusiwa kutafsiri. Lakini anatakiwa pia asikilize wanayonong'onezana wajumbe kwenye ngazi na vyooni, kwa lugha ambazo wenye kisiwa wanadhani hakuna mwingine anayezijua. Anasikia Haj akiteswa. Anasikia bei ya Wakongo ikijadiliwa. Kwa mara ya kwanza katika kazi yote ya le Carré, mtu wa upande wa wanaolipa yumo chumbani, na uwezo wake wote ni masikio na lugha za mama yake.

Anachokifanya Salvo ni kile alichokifanya Barley Blair: anaiba kanda na madaftari. Kisha anafanya kosa la mtu aliyelelewa vizuri. Anazipeleka kwa Waingereza wakubwa aliowaamini, akidhani wakijua watazuia. Mmoja baada ya mwingine wanamgeuka. Mwishoni amenyang'anywa uraia, yuko kizuizini akisubiri kufukuzwa nchini, anamwandikia mtoto wa Hannah, muuguzi wa Kikongo aliyempenda. Wahakiki wengi waliiona njama ya kisiwa kuwa ya kuchekesha mno kuwa kweli. Wangesoma magazeti. Machi 2004 Simon Mann, askari wa zamani wa Uingereza, alikamatwa uwanja wa ndege wa Harare na mamluki wapatao sabini waliokuwa njiani kuipindua serikali ya Guinea ya Ikweta yenye mafuta, na Januari iliyofuata Mark Thatcher, mwana wa waziri mkuu wa zamani, alikiri mahakamani Afrika Kusini kwamba alihusika na helikopta ya mpango huo. Juni 2004 Bukavu yenyewe ilitekwa na askari wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi. Le Carré alikwenda Bukavu mwaka 2006, akiwa na miaka sabini na minne, kwenda kuthibitisha kwa macho yale aliyokwisha yaandika. Kama riwaya, The Mission Song ina nyufa: mapenzi ya Salvo na Hannah yanakwenda haraka kupita kiasi, na Mwangaza anabaki kuwa sura tu. Lakini mtu anayetaka kujua le Carré alifika wapi na swali lake, akisome kitabu hiki kabla ya vile vya Smiley.

Kuna pingamizi jingine, la kimaadili, ambalo huulizwa mara chache kuliko linavyostahili. Mwandishi huyu wa waliotolewa kafara alikuwa mwenyewe mchongezi. Aliwaandika wenzake wa Oxford, akala nao na kucheka nao, na mmoja wao alipojua miaka mingi baadaye alimkabili. Le Carré hakulikana, na hakulitubu sana pia. Alishikilia kwamba kazi ile ilihitaji mtu wa kuifanya. Kwangu mimi hili halibomoi vitabu, bali linaeleza kwa nini watenda mabaya wake huandikwa kwa ukaribu usio na chuki. Lawama ninayoiona kubwa zaidi ni ya kalenda. Alikuwa ndani ya idara hizo kati ya 1958 na 1964. Hali ya hatari nchini Kenya iliondolewa Januari 1960, akiwa tayari kazini. Katika miaka hiyo watu wengi waliolipia siri za Uingereza hawakuwa Berlin. Walikuwa katika kambi za vizuizi za makoloni. Vitabu vya Smiley karibu havilijui hilo. Alikaribia miaka sabini ndipo kalamu yake ilipofika Nairobi, na ilifika ikaikuta Kenya ya makampuni, si ya kambi.

Mwaka 2017, akiwa na miaka themanini na mitano, alirudi kwa Liz Gold. Katika A Legacy of Spies Peter Guillam, msaidizi wa zamani wa Smiley, sasa mstaafu aliyejichimbia shambani Brittany, anaitwa London kwa sababu watoto wanadai. Christoph, mwana wa Leamas, na Karen, binti wa Liz, wanataka kuishitaki serikali kwa vifo vya wazazi wao, na mawakili vijana wa idara wanafungua mafaili ya zamani kutafuta wa kumtupia lawama. Ni ankara ya 1963 iliyoletwa baada ya nusu karne. Smiley, anayepatikana hatimaye Freiburg, anasema aliyoyafanya aliyafanya kwa ajili ya Ulaya. Jibu hilo lina heshima yake, ila kwa Karen halina kitu, na kitabu hakijifanyi kuwa lina. Mwandishi alifariki tarehe 12 Desemba 2020 huko Cornwall. Miezi kadhaa kabla alikuwa amepewa Tuzo ya Olof Palme, dola 100,000, na zote alizitoa kwa Madaktari Wasio na Mipaka.

Msomaji anayedhani waliolipia siri hawawezi kuifikisha serikali mahakamani nje ya riwaya, kesi ipo. Wazee wa Kenya walioteswa enzi za Mau Mau waliishitaki serikali ya Uingereza, na mwaka 2011, katikati ya kesi, ilifahamika kwamba maelfu ya mafaili ya makoloni yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali kaskazini ya London, na mengine yalikwisha teketezwa wakoloni walipokuwa wakifunga virago. Juni 2013 serikali ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Le Carré hakuiandika riwaya hiyo, na sina hakika kwamba angeiweza, kwa sababu Wanza alimshinda. Inamngoja mtu anayejua walichokuwa wakinong'ona wafungwa wakati mkalimani wa kambi amegeuka pembeni. Malighafi haifichwi tena: mafaili yaliyosalia yalihamishiwa Kew, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, chini ya namba FCO 141, na mwenye kadi ya msomaji anaweza kuyaagiza na kuletewa mezani.